Mjerumani Anayepiga Magoti

Prena hakuwa na ugomvi na Wajerumani wengine. Ugomvi wake ulikuwa na huyu mmoja tu aliyelala uani kwake, mweusi, mrefu, mwenye viti vya ngozi na umri wa miaka ishirini na mitatu, ambaye kila asubuhi alikutwa amepiga magoti.

Alikuwa gari. Ndue, mumewe, kinyozi wa pekee katika mji mdogo huku Mirdita, milimani kaskazini mwa Albania, alilinunua kwa mtu aliyerudi kutoka Munich, tena kwa bei ya kutupa. Hilo la bei lilikuwa kweli kabisa. Gari la kitajiri la Kijerumani likizeeka hushuka bei mpaka hata kinyozi analiweza. Spea zake ndizo hazizeeki. Zinabaki na bei ileile ya siku gari lilipokuwa la daktari au waziri. Aliyemuuzia Ndue hakulitaja jambo hilo, na Prena aliligundua mwenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka wa kwanza giaboksi ilikula ndama. Mwaka wa tatu pampu ya usukani ikala asali ya mizinga yote. Mwaka wa tano maji ya mvua yaliingia kwenye kompyuta iliyofichwa chini ya zulia (nani mwenye akili anaficha kompyuta chini ya zulia?) na maharage yote ya shambani yakaenda. Wakati huohuo paa la jiko lilikuwa linavuja. Prena alipika akiwa na sufuria mbili motoni na tatu sakafuni za kukingia matone. Kila fedha ya vigae ilipokaribia kutosha, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, utadhani Mjerumani alinusa harufu ya noti.

Sasa ilikuwa zamu ya mifuko. Magari ya watu wa kawaida hukaa juu ya springi. Hili lilikaa juu ya mifuko ya upepo, ili tajiri asihisi mashimo ya barabarani. Mifuko ilikuwa imechoka, upepo ulitoka polepole usiku kucha, na asubuhi tumbo la gari lilikuwa limegusa changarawe. Ndue akiwasha injini, pampu ya upepo ilinguruma mbele huko, mmmmmm, na gari likainuka taratibu, nyuma kwanza kisha mbele, kama ng'ombe anavyoamka zizini. Ndue alisimama pembeni na kikombe chake cha kahawa, macho yakimng'aa.

"Tazama, mke wangu. Linanisalimia."

"Mimi nikikupigia magoti hivyo utaniita mgonjwa. Utaniitia daktari."

"Wewe hukutengenezwa Ujerumani."

"Ningetengenezwa Ujerumani usingeniweza matunzo!"

Hivyo ndivyo walivyoishi na gari lile, miaka kumi na moja, na msidhani hawakupendana.

Majira yale ya kiangazi Gjeto, mtoto wa mdogo wake Ndue, akapata mchumba, binti aitwaye Dila, wa kijiji cha ng'ambo ya mlima. Huku kwetu bwana harusi haendi kumchukua bibi harusi. Anakaa nyumbani ananyolewa na kutaniwa, na wapambe wa ukoo ndio wanaokwenda kwa msafara wa magari na honi. Ndue, kwenye kikao cha ukoo, alisimama akiwa amevaa koti la harusi la mtu mwingine na kutangaza kwamba Dila ataletwa ndani ya Mjerumani.

Prena alingoja mpaka walipofika nyumbani. Hapo akaweka kisu mezani, upande wa vitunguu, akasema, "Haya. Tufunge neno. Gari lako likimfikisha yule binti bila kuguswa na mkono wa mtu mwingine, sitalisema tena mpaka nife. Likikwama, Jumatatu Fran anakuja kulichukua, na mimi naezeka jiko langu."

Fran alikuwa mnunuzi wa magari mabovu. Alikuwa na lori, jino la dhahabu, na desturi ya kupita taratibu mbele ya ua wao.

"Besa?" aliuliza Ndue.

"Besa," alisema Prena.

Na mtu wa Mirdita akishatoa besa, ahadi ya heshima, neno hilo halirudi mdomoni. Ndue alikwenda gereji siku tatu mfululizo. Alirudi na mafuta mapya ya injini, plagi mpya, na mpango.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Njia za kwenda kwa akina Dila ni mbili: barabara kuu mpya, laini, na njia ya zamani ya mlimani, yenye mashimo ambayo mbuzi huoga ndani yake. Msafara wa harusi haurudi kwa njia uliyoendea. Hilo kila mtoto analijua, maana bahati mbaya inayowafuata hubaki ikiwangoja njiani mpaka ichoke. Kwa hiyo Ndue alipanga waende kwa njia ya mlimani, asubuhi, gari likiwa tupu, wakitambaa kama kobe. Halafu warudi na bibi harusi kwa lami.

Kosa lake lilikuwa moja. Hakumwambia mzee Bardhok.

Bardhok, mjomba wao, ndiye aliyekuwa mkuu wa wapambe, na mkuu wa wapambe hutangulia. Alitangulia na pikapu yake ya Kijapani, ambayo haikuwahi kuugua hata mafua, akiwa amechelewa kwa sababu ya kutafuta kofia yake. Alipofika njia panda, alikata kushoto, akashika lami bila kufikiri. Magari kumi na moja yakamfuata yakipiga honi. Ndue alikuwa wa pili, na hakuna anayelipita gari la mkuu wa wapambe.

"Ndue," alisema Prena kutoka kiti cha nyuma, amevaa kitambaa chake cheupe cha harusi. "Hii ni lami."

"Naona."

"Kwa hiyo kurudi..."

"Naona, Prena!"

Prena akacheka. Samahani, lakini alicheka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliviona vigae vyake vyekundu, vimepangwa safu juu ya jiko, mvua ikinyesha nje na sufuria zake zote zikiwa motoni.

Kwa akina Dila walipokewa kwa kahawa na pombe kali ya raki na nyama ya kondoo, na nyimbo ambazo wanaume waliimba wameshikana mabega. Ndue hakugusa raki wala hakuimba. Alitoka mara nne kulitazama gari. Kisha Dila akatolewa ndani, amefunikwa, analia kama inavyompasa bibi harusi, akapandishwa nyuma ya Mjerumani, kando ya Prena. Mlango ulipofungwa aliinua kitambaa kidogo, akapapasa ngozi ya kiti na kusema kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa, kumbe ni laini hivi?"

"Kaa tu, mwanangu. Unakalia ndama na asali yangu."

Dila hakuelewa, lakini alicheka na machozi yake yakiwa bado mashavuni.

Njia ya mlimani ilikuwa vilevile ilivyokuwa tangu mababu. Ndue aliendesha huku ameng'ata ulimi. Shimo la kwanza gari lililipita kwa heshima, la kumi kwa kunung'unika. Walipofika kwenye chemchemi, nusu ya njia, pale mlima unapobana barabara na magari mawili hayapishani, kulisikika pumzi ndefu kutoka chini, fyuuuuu, kama mtu mnene anayekaa. Nyuma ikashuka, kisha mbele ikashuka. Tumbo likagusa mawe, na Mjerumani akapiga magoti mbele ya ukoo mzima.

Nyuma yao magari kumi yalisimama na honi zikalia. Wengine walidhani ni sherehe tu.

Mzee Bardhok alirudi kwa miguu, kofia mkononi. "Kuna nini, we Ndue? Wapambe hawasimami njiani!"

"Gari limekaa, mjomba."

"Limekaa! Ng'ombe hukaa. Gari linakaaje?" Aliinama akachungulia. "Basi tumhamishe binti kwenye pikapu."

Watu wote wakamtazama. Bardhok mwenyewe alikumbuka na kujipiga paji la uso. Bibi harusi akishatoka kwa baba yake hashuki garini wala hakanyagi ardhi mpaka kizingiti cha mumewe. Kumshusha hapo chemchemini kungekuwa kumrudisha kwao, na maneno yake yangefikia wajukuu.

"Basi kamba," alisema Bardhok. "Tutalivuta hivyohivyo, likwaruze likwaruzikavyo."

Ndue aliinua boneti. Alivua koti, akapapasa mipira, akagonga hiki, akavuta kile. Kila mwanamume alishuka kutoa ushauri wake, na kwa kuwa hakuna aliyejua kitu, ushauri ulikuwa mwingi.

Prena alibaki kwenye kiti chake. Yeye alijua.

Hebu mfikirie. Kwa miaka kumi na moja alichemsha kahawa dirishani wakati gari lile likiamka. Alijua mngurumo wake lilipokuwa zima na lilipokuwa bovu. Alijua miezi miwili kabla ya Ndue kwamba pampu ya usukani inakufa, na akaenda kuificha asali, bure. Fundi Pashk alipokuja nyumbani kulitengeneza, nani alimshikia tochi? Ndue huwa hawezi kutazama gari lake likifunguliwa. Huenda kukaa nyuma ya nyumba. Prena ndiye alishika tochi na kuuliza hiki kazi yake nini na kile kazi yake nini, ili ajue anaibiwa kiasi gani.

Na sasa alisikiliza, na hakusikia ile mmmmmm. Injini ilikuwa bado inawaka, gari limekaa chini, na pampu ya upepo ilikuwa kimya kabisa. Pampu iliyokufa hukohoa kwanza. Mfuko uliopasuka hupiga mluzi. Kimya kitupu kilikuwa na maana moja: umeme haujafika kwenye pampu. Kile kidude cheusi, kidogo kama kete ya dhumna, mafundi wanakiita rilei, kilikuwa kimegoma. Pashk alishamwonyesha. Na kidude kama kilekile, sawa kabisa, kilikuwa kando yake, kazi yake kuendesha honi.

Angenyamaza tu. Besa ilikuwa upande wake. Kamba, kisha Jumatatu, kisha Fran, kisha vigae. Hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyejua kwamba anajua.

"Mama mkubwa," alinong'ona Dila, "tutafika?"

Prena alitazama nje. Ndue alikuwa amesimama peke yake mbele ya gari, wanaume wamemwacha. Hakuwa anabishana, na huyo ni mtu anayebishana na redio. Alitoa kitambaa mfukoni akafuta vumbi juu ya taa ya mbele, polepole, pande zote. Kisha akamgeukia Bardhok na kusema, bila kupaza sauti, "Leteni kamba."

Prena alihisi uchungu, na aibu, na hasira. Alimwonea hasira Ndue kwa kushindwa kiungwana namna ile. Angepiga kelele, angemlaumu Bardhok, ingekuwa rahisi kunyamaza.

Alifungua mlango kwa kishindo. "Kamba ya nani? Nani kaomba kamba? Ondokeni hapo!"

"Prena, mambo ya injini haya..." alianza Bardhok.

"Mjomba, kwa heshima zote, shika kofia yako. Ndue, zima gari."

Ndue alizima. Prena alikunja mikono ya gauni la harusi, akafungua kisanduku cheusi pembeni ya injini kwa kucha, akachomoa kete moja, akachomoa ya pili, akazibadilishana nafasi. Wanaume ishirini walitazama. Kutoka dirishani kitambaa cha bibi harusi kilichungulia.

"Washa."

Mmmmmmmm.

Nyuma kwanza, kisha mbele. Mjerumani aliinuka juu ya mawe, akasimama, mrefu na mweusi, na kelele iliyopigwa pale chemchemini ilisikika mpaka vijiji vya bondeni. Ndue hakupiga kelele. Alisimama mdomo wazi akimtazama mkewe kama alivyomtazama miaka thelathini iliyopita kwenye harusi ya watu, kabla hajajua jina lake.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Endesha, bwana. Watu wana njaa."

Mita mia mbele Ndue akabonyeza honi kushangilia. Honi ikakaa kimya. Alibonyeza tena.

"Honi iko kwenye pampu," alisema Prena. "Huwezi kupata vyote."

Gari la bibi harusi bila honi! Dila aliwaza kidogo, kisha, yule mwali mtiifu aliyelia kwa adabu mlangoni kwa baba yake, aliteremsha kioo, akatoa kichwa nje na kitambaa chake chote, akapiga kwa mdomo, "Piiii! Pi-pi-piiii!" Prena aliteremsha kioo cha upande wake. Magari ya nyuma yakajibu. Waliingia uani kwa Gjeto hivyo, wanawake wawili wakipiga honi kwa koo zao, Ndue akicheka mpaka machozi yanadondokea usukani, na Dila akavuka kizingiti bila kukanyaga udongo wala kokoto.

Kwenye karamu, kabla hata nyama haijakatwa, Ndue aligonga glasi. "Jamani, nilifunga besa na mke wangu. Gari lifike bila mkono wa mtu mwingine. Limeguswa. Nimeshindwa."

"Hujashindwa," alisema Prena. "Limefika."

"Limeguswa, Prena."

"Limefika, Ndue!"

Watu waliwashangaa. Walishazoea kuwaona wakigombania ushindi, lakini kugombania kushindwa walikuwa hawajaona. Bardhok akaombwa aamue. Alivuta masharubu, akanywa raki, akasema, "Mlisema mkono wa mtu mwingine. Sasa mke si mtu mwingine..."

"Mimi si mtu?" aliuliza Prena.

"Sijasema si mtu, nimesema si mwingine."

"Kwa hiyo ule mkono ulikuwa wa Ndue? Yeye aliyekuwa anafuta taa?"

Meza nzima ilicheka, Bardhok akasema shauri limemshinda, akaomba nyama.

Lakini Ndue hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya kicheko. Jumatatu asubuhi Fran alikuja na lori lake, kwa sababu Ndue mwenyewe alimpigia simu. Funguo zilikuwa juu ya meza ya jikoni, mbele ya Prena, kando ya sufuria za kukingia maji.

"Neno ni neno," alisema Ndue. "Kaezeke jiko lako." Kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Prena alitoka na funguo. Fran alizunguka gari mara mbili, akalipiga teke tairi, akatema mate. "Mama, hili ni kabati la chuma. Limekaa chini kama mlevi. Nitakupa fedha ya vigae, lakini nakuonea huruma tu."

Fedha aliyotaja ilitosha vigae vyote na chenji. Prena alikuwa amelitukana gari lile kila siku kwa miaka kumi na moja, kwa matusi mazuri kuliko hayo. Lakini alipomwona Fran akipiga teke la pili, damu ilimchemka.

"Mlevi nani?"

"Namaanisha gari, mama."

"Hili? Hili limebeba bibi harusi njia ya mlimani! Lako lile lori limewahi kubeba nini zaidi ya mizoga? Toa mguu wako kwenye tairi. Toa! Mtu hajanyoa hata ndevu anakuja kwa watu asubuhi!"

Fran aliondoka kwa haraka kuliko alivyokuja. Ndue alichungulia kutoka pembe ya nyumba, hajui acheke au akimbie.

"Na jiko?" aliuliza.

"Una fedha ya mifuko mipya ya upepo umeificha nyuma ya kioo cha kinyozi. Usiniangalie hivyo, nakujua. Hiyo ndiyo vigae. Gari litaendelea kupiga magoti, lina wakati wake wa kuamka, na mimi nalisikiliza. Twende mji mkubwa kabla duka halijafungwa."

Walirudi mchana. Vigae vilijaa buti, vilijaa kiti cha nyuma, vingine Prena alivipakata. Mjerumani alipanda mlima akiwa ameinamisha kiuno, anaguna, na Prena hakuacha kusikiliza. Ndue, kwa furaha, alijisahau akaingia kwenye shimo.

"Polepole!" alipiga kelele Prena. "Utalivunja!"

Ndue alipunguza mwendo. Alitazama vigae vilivyojaa mapajani mwa mkewe, akatazama uso wake.

"Umesema nitalivunja?"

"Vigae vinauzwa dukani," alisema Prena. "Tazama barabara."